Niliweka alama kwenye kisanduku cha pili

Tarehe 23 Juni 2016 nilitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nikapitia ukumbi wa kanisa ulio karibu na ninapoishi hapa Leicester, nikapiga kura Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya. Sikwenda kulala kwanza kwa sababu nilijua nikilala sitaamka. Mfukoni nilikuwa na pasipoti yangu ya Tanzania na kadi ya ukaazi, maana kwetu mpiga kura asiye na kitambulisho harudi na kitu. Mama aliyekaa mezani hakutaka hata kuviona. Aliuliza jina na anwani, akaweka rula kwenye orodha, akapiga mstari, akanipa karatasi. Hakuna foleni, hakuna askari, hakuna wino wa kidoleni. Kulikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi na visanduku viwili: cha juu kubaki, cha chini kutoka. Nikaweka msalaba cha chini, nikakunja, nikatumbukiza, nikaenda kulala.

Nikisimulia hili, Watanzania wenzangu huuliza kwanza nilipigaje kura wakati mimi si raia. Sheria ilikuwa hivi: mwananchi wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliye na kibali halali cha kuishi Uingereza aliruhusiwa. Mpolandi aliyefanya kazi nami mashine moja kwa miaka mingi, analipa kodi kama mimi, watoto wake wanasema Kiingereza cha Leicester kuliko Waingereza wenyewe, hakuruhusiwa. Mimi niliruhusiwa kwa sababu babu zetu walitawaliwa na hawa watu. Uraia wao sikuchukua, na mpaka leo sijachukua, kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha na mimi sina moyo wa kuomba viza ya kwenda kumzika baba yangu Moshi.

Baada ya hapo hushusha sauti na kuuliza: mhamiaji mweusi, unapigaje kura upande mmoja na watu wasiotaka kukuona?

Nilipigia hesabu ya pauni 22,400.

Nilikuja hapa 2002 kama mwanafunzi. Masomo yalikwenda, karatasi zikawa zinahuishwa, na baada ya miaka kumi nikapata ukaazi wa kudumu mwaka 2012. Desemba ile nikarudi nyumbani na kuoa. Sikujua kwamba tarehe 9 Julai mwaka uleule kanuni ilikuwa imebadilika. Kuanzia siku hiyo, Mwingereza au mkaazi wa kudumu akitaka kumleta mke kutoka nje ya Ulaya, lazima awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Ukiwa na mtoto mmoja asiye raia, inapanda mpaka 22,400. Mtoto wetu alizaliwa 2013. Kwa maneno mengine, alizaliwa akiwa na bei ya pauni 3,800.

Mimi ni mbeba boksi wa kawaida. Mchana nilihudumia wazee kwenye nyumba ya kulea wazee, usiku nilikuwa kiwanda cha sandwichi. Kima cha chini cha mshahara kilipofika pauni 6.50 kwa saa, Oktoba 2014, nilikaa na kikokotoo. Saa 60 kwa wiki, wiki 52, ni pauni 20,280. Ningekuwa na mke tu, ningepita. Mtoto ndiye aliyenikwamisha, na mtoto huyo nilikuwa simjui ila kwa simu. Alikuwa ananyoosha mkono kunishika mashavu, anagonga kioo.

Nilianza kutunza hati za mshahara kwenye boksi la viatu. Kila moja, hata za wiki niliyoumwa.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa anakaa jirani Msomali. Leicester imejaa Wasomali waliohamia hapa wakitokea Uholanzi, wakiwa na pasipoti za huko. Huyu aliwahi kuishi Mombasa kabla ya kufika Uholanzi, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, tena chake kilikuwa kizuri kuliko changu cha Kichaga. Mwanzoni mwa 2015 akaniambia mke wake anakuja kutoka Nairobi. Nikamuuliza kipato chake. Akashangaa: kipato cha nini? Yeye ni raia wa Ulaya, anafanya kazi Uingereza, mke anapewa kibali cha familia. Ada je? Bure. Haikuchukua muda mrefu, siku ya siku nikamsaidia kubeba mabegi kutoka kwenye teksi. Yule dada akanishukuru, akanikaribisha chai ya maziwa na hiliki, nikanywa nikasifu, nikaenda kwangu nikakaa kitandani na viatu.

Sikumchukia jirani. Naomba hili lisomwe kama nilivyoliandika. Nilichukia ule mpango. Watu wawili, mtaa mmoja, wote si Waingereza, wote wameoa Afrika Mashariki. Mmoja analetewa mke bure, mwingine anaambiwa familia yake ni ghali. Tofauti ni kwamba pasipoti yake ilitoka upande wa pili wa maji na yangu ilitoka mbali zaidi. Tena hata Waingereza wazawa wenye mishahara midogo walikwama kama mimi. Wapo waliohamia Ireland miezi kadhaa na kufanya kazi huko, ili warudi na wake zao wakitumia sheria za Ulaya. Mtu anatoka kwao ili aweze kuingia kwao! Nilifikiria njia hiyo, lakini haikuwa yangu, ilitaka uraia.

Sasa huko kazini watu walipoanza kusema kuhusu kura ya maoni, mimi nilisikia swali moja tu: huu mlango wa upendeleo uendelee au ufungwe?

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo nilikuwa naitumia nikibishana na wasomi, kwa sababu ilisikika vizuri kuliko habari za mke. Binamu yangu upande wa mama alikuwa anakata maua Naivasha. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya walikuwa wanavutana kuhusu mkataba wa ubia wa kiuchumi, tarehe ya mwisho ikapita, na kuanzia 1 Oktoba 2014 maua ya Kenya yakatozwa ushuru kuingia Ulaya. Sisi Tanzania hatukuguswa kwa kuwa tumeandikwa nchi maskini kabisa. Umaskini nao una faida zake. Wakenya walitozwa mpaka Krismasi, ulipoondolewa baada ya mkataba kufikiwa. Binamu alipunguziwa siku za kazi miezi ile. Alinipigia kuomba ada ya shule ya mwanawe na mimi nilikuwa nimebakiwa na pauni 40. Nikasema moyoni: hawa watu wa Umoja wa Ulaya kule Brussels wanajua kuminya kidole kwa kidole. Hoja ilikuwa ya kweli. Lakini nisijidanganye, isingekuwa mke na mtoto, nisingeamka kwa ajili ya maua.

Mtu pekee niliyemwambia mapema ni baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia huko mnataka kuvunja jumuiya yenu."

"Si yetu baba, ni ya Wazungu."

"Hata ya kwetu tulisema ni ya Wakenya."

Baba alikuwa fundi wa Reli ya Afrika Mashariki, Nairobi. Jumuiya ilipovunjika 1977 alirudi Moshi na kitanda cha chuma, redio na cheti. Mwezi Februari mwaka ule Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka mwishoni mwa 1983. Mama yangu ni wa Taveta. Kutoka Moshi kwenda Taveta si safari, ni kama kwenda sokoni na kurudi. Babu mzaa mama alifariki 1979, habari ikafika kwa mdomo siku tatu baadaye, na mama akavuka usiku kwa njia za panya katikati ya mkonge pamoja na wanawake wengine wawili. Alikuta kaburi limeshafunikwa. Hakuwahi kulisimulia hilo kwa hasira, alilisimulia kama mtu anayesema mwaka ule mvua hazikunyesha.

Baba hakunikataza. Aliniambia kitu kimoja: wanaofunga mpaka hawawaoni wanaopita kwenye mkonge. Nikamjibu kwamba mimi tayari napita kwenye mkonge, baba, miaka mitatu sasa. Akanyamaza. Kisha akauliza kama Leicester ni ileile iliyochukua ubingwa. Nikasema ndiyo. Wiki zile mji mzima ulikuwa bado na bendera za bluu madirishani, timu iliyopewa nafasi moja kwa elfu tano na wacheza kamari ilikuwa imebeba Ligi Kuu, na ukiniuliza leo, hilo nalo lilichangia. Mtu akishaona lisilowezekana limewezekana mtaani kwake, anaona hata kura yake inaweza kupindua jambo.

Basi jekundu lililoandikwa pauni milioni 350 kwa wiki wanazopewa Ulaya, kwamba zipelekwe hospitalini, halikunidanganya. Nakerwa na wanaosema wote tuliopiga kura ya kutoka tulilaghaiwa na basi. Mimi nahesabu fedha yangu mpaka senti, najua hesabu ya mwongo. Kilichokaribia kunigeuza ni tarehe 16 Juni. Asubuhi lilitoka lile bango la Nigel Farage, mwanasiasa wa upande wa kutoka, linaloonyesha foleni ndefu ya wakimbizi, wengi wao si Wazungu, limeandikwa kwamba nchi imefika mwisho. Mchana mbunge Jo Cox akauawa mtaani katika jimbo lake, kwa risasi na kisu. Nilikuwa kwenye nyumba ya wazee, televisheni ipo wazi, nikimlisha mzee supu. Nilijiuliza nasimama na nani. Jibu nililojipa ni kwamba karatasi ya kura haiulizi unasimama na nani. Nilidhani hilo linanisafisha.

Hata muuza duka wa Kihindi kule Belgrave Road, mzee aliyefukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, alikuwa upande wangu. Mzee huyu akigundua unatoka kwetu anabadili lugha papo hapo: "Sisi ilikuja na sanduku moja bas, ilipanga foleni." Hoja yake ilikuwa kwamba wao walisubiri, hawa Wazungu wapya hawasubiri. Sikumkumbusha kwamba mwaka huohuo wa 1972 manispaa ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba Wahindi wasije Leicester. Analijua kuliko mimi. Kila aliyeingia ana sababu nzuri ya kufunga mlango nyuma yake, na mimi nilikuwa sijaingia vizuri bado.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu nje ya nyumba yangu. Aprili 2016 kima cha chini kilipandishwa mpaka pauni 7.20. Piga hesabu: saa 60, wiki 52, ni 22,464. Nilikuwa nimevuka kwa pauni 64. Nilichokuwa nasubiri ni hati za mshahara za miezi sita, zitimie Oktoba, niombe. Kwa hiyo siku niliyoingia kwenye ule ukumbi wa kanisa, tatizo langu lilikuwa limebakiza miezi minne kwisha, na lilikuwa linamalizwa na nyongeza ya mshahara, si na Ulaya. Nilijua. Nikapiga hivyohivyo. Hasira ya miaka mitatu haikujua kwamba hesabu imebadilika.

Niliamka usiku kwenda zamu, mvua kubwa zimenyesha kusini huko London. Matokeo yalitoka tukiwa kiwandani: asilimia 51.9 kutoka, 48.1 kubaki. Leicester yenyewe iliamua kubaki, kwa asilimia 51.1. Kwenye mstari wetu wa mashine tulikuwa kumi na nne, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na haki ya kupiga kura. Wengine ni Wapolandi, Walithuania na Wareno. Hakuna aliyeniuliza. Walidhani wanajua. Mama mmoja wa Kipolandi, aliyekuwa akiniletea keki kila Krismasi, alinishika bega akasema pole, kama tumefiwa wote. Nikapokea pole.

Wakati wa mapumziko kijana mmoja wa forklift, Mwingereza, akapita akiwapungia mkono wa kwaheri wale mama. Wenzake wakacheka. Halafu akaniona na mimi, akanipungia vilevile.

Mchana wake, kwenye nyumba ya wazee, bibi mmoja niliyekuwa namwogesha kila siku aliniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mpenzi, wewe utarudi lini kwenu?" Alikuwa amepiga kura kwa posta kabla. Hakuwa na ubaya. Alitaka kujua ili ajizoeshe mtu mwingine. Nilimwambia siendi. Akafurahi sana. Akasema ah, nilidhani wote. Tulikuwa tumeweka alama kisanduku kimoja, mimi na yeye. Yeye alimaanisha niondoke, mimi nilimaanisha mke wangu aje.

Pauni ilianguka usiku uleule mpaka kiwango kisichoonekana kwa zaidi ya miaka 30. Mke wangu ndiye aliyeniarifu athari zake, maana yeye ndiye aliyepokea. Pauni iliyokuwa inabadilishwa kwenye shilingi 3,200 ikawa chini ya 2,900 wiki mbili baadaye. Aliniita kwa jina la mtoto wetu, baba fulani, anavyofanya akikasirika, akaniuliza kwa nini nimepunguza. Sikupunguza. Nilituma zilezile mia mbili. Nikamwambia ni mambo ya kura. Kura ipi? Nikasema ya huku. Ulipigia nani? Simu ikawa na mtandao mbaya ghafla, kwa kidole changu.

Baba alicheka nilipompigia. Alitaka kujua mtagawana nini, maana wao waligombania vichwa vya treni, ndege na meli za ziwani, na ilichukua mpaka 1984 kukubaliana: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba. Julai hiyo ya 2016 Tanzania ikasema haitasaini ule mkataba na Ulaya, na msukosuko wa Waingereza kujitoa ukawa mojawapo ya sababu zilizotolewa. "Kura yako imefika mpaka Dar," akasema. Nadhani alitania.

Mke wangu na mtoto walifika Februari 2017. Ada ya viza ilizidi pauni elfu moja kwa kila mmoja, pamoja na ya huduma ya afya juu yake. Nilikopa kwenye upatu wa Watanzania wa hapa. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na ushee. Uwanja wa ndege alinitazama, akageukia kwa mama yake na kumuuliza mbona huyu mkubwa. Kwenye simu nilikuwa saizi ya kiganja. Sina cha kuongeza hapo.

Uingereza ilitoka rasmi 31 Januari 2020, na mwaka uliofuata kanuni mpya zikaanza. Jirani yangu Msomali alilazimika kuomba hadhi ya mkaazi kabla ya 30 Juni 2021. Nilimsaidia mimi, jikoni kwangu, anaskani pasipoti kwa simu, anageuza uso kushoto na kulia kama anavyoelekezwa. Alikuwa amekaa nchi hii miaka kumi na saba. Mke wangu akampikia pilau. Akipigwa picha akanitania kwamba sasa tumekuwa sawa. Na kweli. Mzungu wa Ulaya anayehamia leo akitaka kumleta mke, anabanwa na kanuni za Uingereza kama nilivyobanwa mimi. Usawa nilioutaka umepatikana: mimi sikupandishwa, yeye ameshushwa. Aprili 2024 wakapandisha kiwango mpaka 29,000, safari hii kwa wote.

Wanaoniuliza kama najuta wananitaka niseme ndiyo au hapana, kama ile karatasi. Hasira yangu ilikuwa ya haki na ningekuwa nayo tena. Nilichokosea ni kudhani kwamba kumnyang'anya jirani kutanipa mimi. Na nilidhani sababu yangu itahesabiwa pamoja na kura yangu, kumbe kwenye kuhesabu wanachukua msalaba tu. Kura 17,410,742 za kutoka, na sidhani kama zilifika hata mia zilizopigwa na mtu aliyetaka wahamiaji wawe rahisi kuletwa. Walioshinda walitusemea wote kwa sauti moja. Ningejua, ningebaki kitandani? Labda ningepiga ya kubaki na kununa. Sijui kama hilo linaitwa kujuta.

Baada ya Ulaya kufungiwa, wazee wa Uingereza walibaki bila wa kuwaogesha, na 2022 wakafungua viza ya wahudumu kwa dunia nzima. Vijana wetu wakaja wengi. Nyumba yetu ya wazee ina Wakenya, Wazimbabwe, Wanigeria, na tangu Juni 2024 kijana mmoja wa Kibosho. Alikuwa anahitaji mwenyeji, akaelekezwa kwangu. Ana mke na mtoto wa miezi minane nyumbani. Jumapili moja alikuja na daftari, akaomba nimfundishe jinsi nilivyofanya mimi. Nilishusha boksi la viatu kutoka juu ya kabati, nikamwagia hati zote mezani: miaka minne ya mishahara, nimezipanga kwa mwezi, nyingine wino umefutika. Nikamweleza saa 60, nikamweleza pauni 64.

Aliandika yote. Ikabidi nimwambie afunge daftari. Aliyeomba viza ya uhudumu tangu 11 Machi 2024 haruhusiwi kuleta mke wala mtoto, awe na kipato chochote. Alikuja miezi mitatu baada ya tarehe hiyo, kama mimi nilivyooa miezi mitano baada ya tarehe yangu.

Akazitazama zile karatasi muda mrefu. "Sasa kaka," akaniuliza, "hizi bado unazitunza za nini?"

Mke wangu alijibu kutoka jikoni kwamba hata yeye ameuliza.